Barabara Iliyofagiwa Kinyume

Mjini waliiita barabara ya Idarus, kwa kumcheka, lakini ilikuwa ya serikali. Urefu wake kilomita tatu tu, kutoka barabara kuu ya Kismayo hadi hoteli ya pwani walikokuja wakubwa kustarehe. Kwa miaka ishirini Idarus, mfagiaji wa serikali, aliifagia mchanga. Akiutoa asubuhi, jioni upepo umeshaurudisha.

"Mchu mzima kutwa wafagia mchanga wa pwani," mkewe Shamsa hakuchoka kumsema kwa lahaja yao ya pwani. "Uwache, ndiko kwao."

Mwaka wa tisini na moja serikali ikaanguka, wakubwa wakatoweka bila hata kuaga. Idarus akaendelea kufagia. Nani aliyemwambia aache?

Basi asubuhi moja binti yao Rawda, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa keshafika hotelini na majirani, wakingoja maji yajae, mashua iwapeleke Kiunga, ng'ambo ya mpaka. Kabla ya adhuhuri haiondoki. Habari zikaja kwamba wenye bunduki wako barabara kuu, wanatafuta njia ya pwani wapore mashua. Rawda hangeweza kukimbia. Idarus akautazama ufagio wake, akautazama mchanga, akacheka peke yake.

Akang'oa kibao cha hoteli pale njia panda ya barabara kuu, akakitupa kichakani. Akaanza kufagia kinyume, akirudisha juu ya lami mchanga wote aliouondoa. Aliujua unavyopenda kulala, akaulaza hivyohivyo, akachomeka na magugu mawili matatu. Kufikia saa nne pale njia panda hapakuwa na njia.

Gari likaja, likasimama. Kijana mwenye bunduki akamsemesha kwa Kisomali, hata akamwita ami, adabu hazikumtoka zote.

"Barabara ya hoteli iko wapi?"

"Barabara?" Idarus akasema. "Serikali ilituahidi, mwanangu. Mpaka leo twangoja."

"Na huo ufagio?"

"Nafagia mchanga."

Kijana akautazama mchanga, huku na huku. "Wote huu?"

"Kazi ya serikali haina mwisho."

Kijana na wenzake garini wakacheka mpaka wakapaliwa, wakasema mzee huyu akili zimemruka, wakaenda zao. Idarus akajikokota hadi nyuma ya kichaka, akakaa kumngoja mkewe.

Punde Shamsa, aliyebaki mjini kufunga mizigo, akatokea na kikapu chake cha vyombo kichwani. Akapita njia panda, akaendelea kwenda.

"Bi Shamsa, umeipita," Idarus akamwita.

"Nimepita nini?"

"Barabara."

Shamsa akageuka, akaona mchanga mtupu. "Miaka ishirini nakwambia uuwache, leo ndiyo umesikia?"

Idarus akamweleza. Shamsa akakanyaga mchanga, akaisikia lami ngumu chini ya nyayo, akaifuata mpaka pwani, Idarus nyuma na ufagio wake.

Maji yalikuwa yamejaa, Rawda keshapanda. Nahodha akawazuia: mashua imeelemewa, huo ufagio ubaki.

Shamsa akateremsha kikapu chake, sufuria zake zote za harusi ndani, akakiweka mchangani.

"Hiki ndicho kinachobaki," akasema. "Tukirudi, barabara ataifagia kwa ufagio gani?"