Mkwe Ameingia

Egesa alikuwa amechuchumaa juu ya turubai la lori pale Burumba, akilishona kwa sindano ndefu, mkewe Vivianne alipompigia simu kutoka kwao Bukhayo. Hakumsalimu. Alisema atarudi na mtoto siku Egesa atakapopata watu wa kuketi nao, walioacha pombe, wala si kabla ya hapo.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwezi wa Aprili Egesa alikwenda kwa mama mkwe wake kumchukua binti yake, Winny, akiwa amelewa chakari. Alizinduka uani, mtoto analia, mkono umeungua kwa uji. Aliambiwa kwamba aliingia jikoni mwa mama mkwe, mahali ambapo mkwe hakanyagi hata nyumba ikiwaka moto, akaangusha sufuria. Hakukumbuka lolote, kwa hiyo aliamini. Alipeleka kondoo wa kuosha aibu ile, na baada ya hapo akazidi kunywa.

Kutafuta kikundi hakukuwa rahisi. Kile cha kanisani kilimtaka aungame kwenye kipaza sauti, na spika zilielekezwa sokoni. Kingine kilikutana katika ukumbi wa hoteli, na wanachama walitoka kila mara kupokea simu upande wa baa. Cha ng'ambo, Uganda, kilikuwa kizuri sana, ila watu walilia kwa Kiganda, na Egesa aliona haya kumwomba mtu anayelia amfasirie.

Mwishowe alisikia habari za chumba kimoja Malaba, nyuma ya maegesho ya malori. Mchana Janat aliuza chai humo, na Alhamisi jioni aliwaachia watu wanaoacha pombe. Malaba hakuna aliyemjua. Alivaa shati safi, akaenda.

Alipoinama kupita mlangoni, aliona watu wameketi kwa duara, na kati yao kitambaa cha kichwa alichokifahamu. Mama mkwe wake, Selpha, naye alichagua Malaba kwa sababu hakuna aliyemjua. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya.

Mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja. Egesa aligeuka aondoke. Hapo sakafu ikapasuka katikati, na ukuta wa udongo ukaanza kuota. Uliota polepole, ukiwa mbichi bado, na vipande vya majani makavu ndani yake, mpaka ukapita vichwa vya walioketi. Watu walisogeza viti.

"Mkwe ameingia," alisema Omagor, mwenyekiti wa kikundi, dereva wa malori wa zamani ambaye pombe ilimshusha kwenye usukani. "Karibu, boss. Kaa upande huo. Janat, leta taa ingine, huku kwetu kumekuwa giza."

"Huo udongo utachafua sakafu yangu," alisema Janat, akaileta.

Omagor alisimama kwenye pengo mwishoni mwa ukuta ili pande zote mbili zimwone. Alikumbusha sharti la kikundi, kwamba linalosemwa humo linabaki humo, kisha akauliza nani ataanza.

Alianza Selpha. Egesa hakuwahi kuisikia sauti yake kwa muda mrefu namna ile. Tangu aoe, salamu zao zilipitia kwa watu.

"Mimi nakunywa chang'aa tangu tuzike bwana yangu," alisema. "Kuna siku nilikuwa napika uji, nikashikwa na usingizi. Mtoto wa msichana wangu akavuta sufuria. Mkwe wangu alikuwa nje, amelala kwa nyasi, amelewa. Hakuingia kwa jiko yangu. Hata mguu hakuweka. Ni mimi nilisema ameingia."

Mtu mmoja alikohoa. Egesa aliweka kiganja ukutani, udongo ulikuwa baridi. Alilia, na hakuona haya, maana upande wake kila mtu alishawahi kulia.

"Na msichana wako utamwambia lini, mama?" aliuliza Omagor.

"Nikimwambia hataniletea mtoto tena. Nikikaa peke yangu, hiyo chupa itanimaliza."

"Asante kwa kusema," kikundi kilijibu, pande zote mbili, na Egesa akajikuta amejibu nacho.

Mkutano ulipoisha alitoka kwanza, kama heshima inavyotaka. Ukuta ulizama, Janat akafagia. Alhamisi iliyofuata uliota tena, na kila Alhamisi baada ya hiyo. Hakupata kikundi kingine kilichomfaa kama kile. Aliacha pombe kweli, na Selpha akaacha. Yale aliyoyasikia, Egesa hakuyatoa nje. Sharti lilimzuia, na mkwe ataanzia wapi kumshtaki mama mkwe habari za jiko lake mwenyewe? Tena aliogopa mama yule asije akairudia chupa. Ilimuuma sana, na haikuacha kumuuma.

Desemba Vivianne alirudi kama alivyoahidi. Siku ya pili Winny alimwendea baba yake pale alipokuwa akishona, akasimama mbali kidogo.

"Baba, kwa nini ulinichoma?"

"Nilikuwa nimelewa," alisema Egesa.

"Na sasa umelewa?"

"Hapana, mama. Niliacha."

Winny alisogea hatua moja. Vivianne, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alimwita aje akae upande wake.