Feni na Sauti ya Baragumu

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: ukiitwa, itika. Hata kama mdomo umejaa chakula, hata kama umenuna. Aliyeiweka ni baba mwenyewe, mnadi wa mnadani, mtu aliyeweza kuuza kabati bovu kwa sauti tu. Watu walimwita Baragumu, na jina hilo halikumwonea. Akianza kunadi, waliolala mtaa wa pili waliamka wakidhani wamechelewa mahali.

Kisha kiharusi kikampitia. Mkono ulirudi, mguu ukarudi kwa kuchechemea, lakini sauti iligoma. Kilichobaki ni mnong'ono mwembamba, neno moja moja, na kila neno alilitoa kwa jasho. Mtaalamu wa tiba ya usemi aliwaambia binti zake wawili bila kumung'unya maneno: "Kila atakalosema lijibiwe papo hapo. Akisema asijibiwe, akisema tena asijibiwe, atakata tamaa. Na akikata tamaa, msinilaumu mimi."

Dada mkubwa alishika jiko na nyumba. Kukaa na baba kukawa kwa mdogo wake, Kitindamimba, ambaye kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi na angeweza kuifanyia popote. Akahamishia meza chumbani kwa mzee, laptopu mbele yake, baba kwenye kiti pembeni. Mpango ulikuwa mzuri kabisa, kasoro feni.

Maana laptopu ile ilikuwa na hasira za karibu. Ikiwa poa, kimya, utadhani imezimwa. Joto likipanda kidogo tu, feni ndani yake inakurupuka na kuvuma kwa nguvu zote. Ikishapoza inanyamaza, na hujakaa sawa, inavuma tena. Mzee akifungua kinywa, inamkatiza. Anaingoja ipite, anavuta pumzi, anaanza upya, nayo hiyo imekurupuka. Binti, macho kwenye skrini, hasikii kitu.

Siku moja aliinua uso akaona midomo ya baba inasogea. Kabla hajauliza, mzee akaifumba na kugeukia ukutani. Tangu hapo hakujaribu tena. Binti alimsemesha, akamtania, akambembeleza, wapi! Mzee alitikisa kichwa tu. Jambo hilo lilimuuma sana Kitindamimba. Baba aliyewafundisha kuitika alikuwa ameita, na yeye hakuitika.

Akatafuta dawa. Akagundua kuna programu inayokuruhusu kuichorea feni mstari wako mwenyewe: kwa chini limepangwa joto, toka poa hadi moto, na pembeni kasi ya feni, toka sifuri hadi mia. Unavuta nukta juu au chini, kila joto unalipangia kasi yake. Kitindamimba hakuwa na muda wa falsafa. Alizivuta nukta zote chini, mstari ukalala chali, na feni ikanyamaza. Chumba kikatulia mpaka saa ya ukutani ikasikika.

Ilikuwa asubuhi, na muda si muda mzee akanong'ona, "Maji."

"Abee, baba!" Binti aliruka nusura aangushe kiti.

Heri hiyo haikufika mchana. Laptopu iliyonyimwa pumzi ilianza kwa kujikokota, ikawa ya moto hata viganja vikaikimbia, mwisho ikazima, pap, katikati ya kutoa nakala ya mwisho ya video ya harusi ya watu. Sasa achague: arudishe makelele, au ahamie sebuleni amwache baba peke yake na kuta.

Aliyeitwa ni shemeji, mume wa dada, fundi wa kompyuta na bingwa wa maneno. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha, akautazama ule mstari, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, hii si dawa! Hii ni kumziba mtu pua kwa sababu anakoroma."

"Angekuwa mtu ningemziba kweli. Baba hasikiki humu."

"Feni haina kosa kuvuma. Kosa lake ni kukurupuka. Tazama." Akaanza kuvuta nukta moja moja. "Ikiwa poa izunguke polepole, isisimame kabisa. Sauti hiyo sikio linaizoea. Nyuzi sitini, ipande kidogo. Sabini, kidogo tena. Themanini, hapo ifanye kazi. Nguvu zote ni za tisini, kwenye hatari. Halafu hapa naiambia kwamba ikishapanda isishuke mpaka joto lipungue vya kutosha, isije ikapanda na kushuka kama mtoto kwenye ngazi."

"Kwa hiyo bado itavuma?"

"Itavuma, ila itapiga hodi kwanza."

Mzee alikuwa akiwasikiliza muda wote. Binti alianza upya kutoa ile video, na feni ikawa inazunguka taratibu. Mzee akakohoa.

"Mkwe," akanong'ona.

"Naam, baba!"

Joto likaongezeka, feni ikapanda ngazi moja. Mzee akakunja uso, akavuta pumzi. "Kaa," akasema, juu kidogo ya feni.

"Nakaa, baba."

Feni ikapanda tena, naye akapanda nayo. Hakuna aliyemwagiza. Ni mnadi yule, na maisha yake yote kelele za watu zikipanda, yeye hupanda juu yake. Makelele hayakuwahi kumshinda. Kilichomshinda ni kurukiwa bila kupewa nafasi. Na ule ukimya binti aliouleta kwa kuinyamazisha feni, pamoja na wema wake wote, ungemwacha ananong'ona tu. Kitindamimba aliliona hilo, akatuliza mikono mezani, akiogopa hata kupiga chafya.

Video ikafika kwenye muziki na wachezaji wengi, sehemu inayoitoa kompyuta jasho. Feni ikapanda ngazi nyingine. Mzee akashika mikono ya kiti, akaelekeza uso mlangoni, akamwita binti mkubwa kwa jina la utani alilompa tangu utotoni:

"Mama Kelele!"

Jikoni kifuniko kilianguka.

"Abee!" Dada alikuja mbio na unga mikononi, akiitika njia nzima, "Abee, baba! Abee!" na alikuwa bado anaitika alipokwisha kupiga magoti mbele ya kiti.

"Ahsante, shemeji," Kitindamimba alisema huku analia. "Mungu akulipe. Ahsante sana." Na shemeji, bingwa wa maneno, akainama kukusanya bisibisi zake.

Mzee aliwangoja wamalize. Feni ilikuwa bado juu. Akamgeukia binti aliyekaa naye siku zote zile, akavuta pumzi, akamwita na yeye.

Naye aliitika kwa sauti ambayo, wanasema, ilisikika mpaka mtaa wa pili.