Bango la Agneta

Opondo alishafanya kazi nyingi zisizo na jina. Aliuza miwani ya kusomea Awasi, akasimamia posho mill ya kusaga mahindi Mbita, na zamani, sinema zilipokuwa bado zinapigwa huku ziwani, alibeba taa. Katika zote hizo hakuna hata moja iliyomtia kinyaa kama hii ya siku tatu, ya kumpeleka Gordon kwa Agneta.

Agneta Akello aliigiza filamu tisa. Vijana hawamjui, lakini mtu wa Kisumu aliyepita miaka sitini atakwambia alikalia kiti gani siku alipomwona kwa mara ya kwanza. Kisha mume akafa, Agneta akaenda kuishi Usenge kwenye boma la marehemu, akafunga mlango. Harusi hakwenda, kanisani hakwenda. Sokoni alitumwa Ajwang, mke wa shemeji yake. Na siku akitoka uani kukiwa na wageni, alijitanda leso hadi machoni. Waandishi waliokuja na kamera walirudi nazo zikiwa tupu.

Gordon, dairekta kutoka Nairobi, alikuwa anatengeneza filamu ya maisha yake. Alifunguliwa mlango kwa sababu ya Opondo tu. Opondo alimbebea Agneta taa katika filamu tano, na alijua kuishusha kabla macho ya mama hayajaanza kuuma. Mtu hasahau kitu kama hicho.

"Sauti wachukue," Agneta alisema. "Mikono, nyumba, sawa. Uso hapana. Ule wa kwenye sinema ni wao. Huu ninaonawa asubuhi ni wangu."

Opondo akamfikishia Gordon, Gordon akampa mkono. "Usijali, Mzee. Sisi tunaheshimu."

Akishampa mtu mkono alitoa kichupa mfukoni akajipaka dawa ya kuua vijidudu. Siku ya kwanza Opondo alikiona kichekesho.

Siku hiyohiyo Gordon aliamuru viti vya sofa vitolewe, na televisheni, na saa ya ukutani, mpaka sebule ikabaki kama ghala. Akanunua omena, wale dagaa wa ziwani, madebe mawili, akamwambia Agneta aanike, apigwe picha mikono.

"Mimi sijawahi kuanika omena tangu nizaliwe," Agneta alimnong'oneza Opondo. "Huyu kijana anataka niwe maskini kuliko nilivyo."

"Vumilia, nyar Uyoma," Opondo akasema, akimwita binti wa kwao Uyoma. "Ni siku tatu."

Mchana Ajwang akawapikia samaki wa ngege. Gordon alikula kwa kelele, akatema miiba juu ya kitambaa cha meza ambacho Agneta alikifuma mwenyewe, huku akieleza jinsi upweke unavyopendeza kwenye kamera. Opondo alisukuma sahani yake pembeni.

Siku ya tatu asubuhi, wakiwa Kisumu walikolala, walipitia duka la kuchapisha kuchukua bango. Gordon alitaka picha ya Agneta akiwa kijana, kubwa kama mlango, aitundike uani. Mwenye duka, Frankline, aliwapokea kwa sauti ya chini.

"Poleni sana. Tunazika Jumamosi?"

Akalikunjua bango. Agneta wa miaka ishirini na tano alikuwa anacheka, na pembeni kuna maua ya zambarau na mshumaa. Chini: 1950 – 2025. Lala salama, Mama.

Kumbe Gordon alikuwa ametuma jina, mwaka wa kuzaliwa na kistari, basi. Frankline, ambaye kazi zake kumi kwa kumi ni za matanga, akajaza palipobaki.

"Ndugu yangu, huyu yuko hai," Opondo akasema. "Jana amenipa chai."

Frankline akajishika mdomo. "Mzee, nipe saa moja nichapishe ingine. Hata silipishi."

Gordon alikuwa bado analitazama lile bango, kama mtu anayechagua nyama buchani. "Wacha. Iko sawa hivyo."

Opondo alidhani Gordon ana haraka tu.

Wakalifunga mbele ya gari, eti rangi ikauke kwa upepo. Sasa, katika nchi ya Wajaluo, gari lenye picha ya mtu mbele hubeba kitu kimoja tu. Kufika Bondo, watu wa bodaboda wakaanza kulisindikiza, wamekata matawi, wanapiga honi. Kufika Usenge, akina mama waliokuwa wanageuza omena juu ya nyavu wakanyanyua vichwa. Mmoja akasoma. Akapiga nduru.

Nduru haiulizi. Ya pili ikajibu, ya tatu ikajibu, na ufuo mzima ukaanza kukimbia kuelekea bomani kwa Agneta.

"Simamisha gari," Opondo akamwambia Gordon kwenye usukani. "Tutoe hiyo kitu."

Gordon aligeuka nyuma, si kwake, kwa Usama wa kamera. "Uko tayari?"

Usama alikuwa tayari. Kamera ilikuwa begani tangu Bondo.

Hapo ndipo Opondo alipoelewa kwa nini bango lilikuwa "sawa hivyo".

Bomani wamama wanagaagaa chini, wanaume wanapanga viti, kuna mtu ameshampigia padri. Ajwang akatokea mlango wa jikoni, akamwendea Opondo.

"Amekataa kutoka. Anaita humo ndani kwamba yuko hai, hakuna anayesikia, na wanaosikia wanasema ni sauti yangu. Opondo, mtu aliyeliliwa akiwa mzima lazima aonekane na waliomlilia. Uso kwa uso, mkono kwa mkono. Wakiondoka na kilio hivi hivi, kitarudi kumtafuta mwenyewe."

Gordon akamvuta Opondo pembeni. "Mzee, muite wewe. Akisikia wewe atatoka mbio, bila leso. Fikiria huo uso. Mtu anatoka kwa matanga yake mwenyewe." Mate yalikuwa yamemkusanyikia kwenye pembe za mdomo.

"Ulinipa mkono."

"Mimi sijamlazimisha mtu. Ni mila yenu."

Opondo akaenda mbele ya gari, akakata kamba kwa meno, akalibeba bango mpaka mlangoni na kulinyanyua, picha ikitazama kamera.

"Nyinyi mnaolia," akapaza sauti, "Agneta yuko hapa. Piteni nyuma ya hii turubai mumsalimie. Mmoja mmoja."

Mama mmoja muuza omena, Apiyo, mikono imejaa magamba, akashika ncha ya pili bila kuulizwa. Usama akasogea kushoto, bango likasogea kushoto. Akachuchumaa, likashuka. Opondo aliishi miaka mingi na kamera, alijua inataka kwenda wapi.

Nyuma yake akasikia mlango ukifunguka, na kilio kikikatika.

"Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Shika. Lakini wewe umenililia vizuri, nani alikufundisha?"

Mtu akacheka na kamasi zake. Wakaendelea kupita, wanashika mikono, wanashika mashavu. Opondo hakugeuka. Mikono ilimuuma mpaka mabegani, naye hakugeuka.

Mama wa mwisho alipopita, Gordon alikuwa anarukaruka. "Usama, umepata? Picha ya zamani inatembea, kicheko kiko nyuma! Hii ndiyo mwisho wa filamu." Akampiga Opondo begani. "Mzee, wewe ndiye dairekta." Kisha akatoa kichupa chake, akajipaka mikono.

Agneta alisimama mlangoni, leso imesharudi machoni.

"Opondo. Hawa waliingia hapa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi watoke nalo. Na wewe utoke nao."

"Nyar Uyoma, mimi sikujua..."

"Bango lilikuwa mbele ya gari. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Opondo alikuwa amekaa mbele.

Ajwang alikuwa anagawa chai kwa waombolezaji. Kikombe kilimpita Opondo kikaenda kwa mwingine.

Gordon alimfungulia mlango wa gari. Opondo akatema chini, akapita kwa miguu kuelekea barabarani. Wamama waliokuwa wanarudi kwenye omena zao walimsalimu, mashavu bado mabichi. Apiyo akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kulinyanyua lile bango. Opondo akangoja amwachilie.