Wimbo wa Kumi wa Tahiri

Jumatatu karibu na adhuhuri Tahiri, fundi cherehani wa soko la Rumonge, Burundi, alishona mkono wa gauni kwenye shingo ya gauni hilo hilo. Usimcheke. Ungekuwa wewe, ukasikia sauti yako mwenyewe ikitoka kwenye redio ya jirani, inaimba siri ambayo hujaiambia hata mto wako wa kulalia, ungeshona nini?

Sokoni walimjua kwa mambo mawili: suruali zisizofumuka na orodha yake ya nyimbo. Kila Jumamosi alichagua nyimbo kumi zilizomkonga moyo wiki hiyo, akampelekea Lameki, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuwawekea watu miziki kwenye kadi za simu na redio zao. Rumba za ng'ambo ya ziwa, taarabu za zamani, kwaya za Nyanza-Lac, zote zilikuwemo. Wa kumi mara nyingine ulikuwa wake mwenyewe, aliotunga na kuurekodi kwa simu, na watu walikuwa na adabu ya kuusikiliza mpaka mwisho.

Kosa lilitokana na maringo. Tahiri hakuupa wimbo jina kabla haujasikiwa na watu. Alisema mtoto hapewi jina akiwa tumboni. Basi simu yake ilijaa rekodi zenye tarehe tu. Jumamosi ile alidhani amempa Lameki wimbo wa kuwatania wauza mawese. Kumbe alimpa wimbo wa Hadjara, binti yake.

Wimbo huo haukutaja jina la mtu, lakini ulisema kweli yote. Mwaka elfu mbili na kumi na tano, watu walipokimbilia Tanzania na kurundikana ufukweni wakingoja meli, mwanamke asiyemjua alikufa kwa kuhara, akaacha mtoto wa miaka minne hivi. Tahiri, kapera asiyejua hata kukoroga uji, akambeba. Waliporudi Rumonge aliwaambia watu wote, na mtoto naye, kwamba ni damu yake na kwamba marehemu alikuwa mkewe wa ndoa. Mtoto hakuuliza kitu, na Tahiri akamshukuru Mungu. Aliapa kumwambia kweli akimaliza darasa la sita. Akalimaliza, akaapa tena, la tisa. Aliogopa maneno machache tu: "Kumbe wewe si baba yangu." Ndiyo aliyotungia wimbo, kisha akaufungia kwenye simu.

Aliinuka mbio mpaka kwenye meza ya mwenye redio, Mama Mwanvua, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Mama Mwanvua, hii wimbo umeitoa wapi?"

"Ee fundi, unaniuliza mimi? Iko mu liste yako ya wiki hii! Niko nalia tangu asubui, ndagala zangu zimezidi chumvi." Akajipangusa macho kwa kitenge. "Huyu mutoto ya mu wimbo, walimwambiaka?"

"Bado," Tahiri alijibu, akashtuka kusikia kwamba amejibu.

Kibandani kwa Lameki hakusalimia. "Futa ile wimbo ya kumi!"

"Nifute wapi, fundi? Nimeshaweka mu kadi makumi tatu na tatu. Leonsi wa teksi amepeleka Nyanza-Lac, ingine imefika Kabezi. Watu wanasema leo Tahiri ameimba kweli."

Maji yakimwagika hayazoleki. "Hadjara naye ulimuwekea?"

"Mutoto wako? Yeye ndiye alikuwa wa kwanza! Samedi, ile saa ulitoka tu."

Jumamosi! Jumamosi jioni Hadjara alimpikia ugali. Jumapili alimpigia shati pasi, akamwuliza kama aongezewe mchuzi. Siku mbili nzima amekula mkononi mwa mtu anayejua, naye anasifia mchuzi! Labda alikuwa anaaga. Labda sasa hivi anafunga nguo zake. Tahiri hakukumbuka alivyofika nyumbani.

Alimkuta uani, katoka shule, sare bado mwilini, anachambua maharagwe huku sikio moja lina waya wa simu. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoroka.

"Baba, uko mugonjwa?"

"Umeisikia," alisema Tahiri.

Hadjara akatoa waya sikioni. "Nimeisikia mara mingi. Ni nzuri kupita zingine zako zote, sikudanganyi." Akachambua punje mbili tatu, bila haraka. "Ila iko na uongo pahali pamoja."

"Wapi?"

"Pale unaimba ati walipomuzika mama, mutoto alikuwa amelala mu mugongo wako, hakuona kitu." Alimtazama usoni. "Sikulala, Baba."

Miaka kumi amemficha mtu jambo ambalo mwenyewe alikuwepo! Miaka kumi amemsimulia ndoa ya uongo, harusi yake na pilau yake, na mtoto ameitikia kwa heshima. Alipigwa na butwaa mpaka akasahau kulia.

"Uliona?"

"Yote, nilikuwa nachungulia. Hata kitenge walimufunika nayo, ilikuwa ya manjano."

"Sasa mbona ulifunga macho?"

Hadjara aliweka ungo chini.

"Nilijua wewe si mutu wetu. Nikasema mu roho, nikifungua macho utanishusha, uniulize mimi ni wa nani. Nikilala, utanibeba."

Tahiri akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia mbele ya mwanawe bila haya, na Hadjara akamfuta uso kwa upindo wa sare yake.