Hongera, Umechaguliwa

Jumatatu asubuhi niliitundika barua ile kwenye ubao wa matangazo kama mwindaji anavyotundika ngozi ya chui sebuleni, wageni wapate kuuliza. Nilikuwa nimeizungushia wino mwekundu mahali saba. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: TAZAMENI MTEGO MBOVU. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama kazi yangu, nikajipenda.

Barua yenyewe ilikuwa imeingia kwenye kompyuta yangu Ijumaa iliyotangulia. "Hongera, Amolo, umechaguliwa," ilianza, na hapo hapo nikacheka. Ilidai kwamba kampuni itanilipia miezi sita ya masomo ya usalama wa mitandao katika chuo kimoja cha mjini, mshahara ukiingia kama kawaida, na mwishoni nitafanya mtihani wa kile cheti ambacho kila tangazo la kazi la maana hukitaja kabla hata ya kutaja kazi yenyewe. Nafasi ilikuwa moja tu. Nilitakiwa kubofya mahali fulani na kuthibitisha kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa hii. Nikikawia, nafasi ingepewa fundi wa tawi la Mombasa. Anwani iliyoileta sikuwa nimeiona maishani. Na chini kabisa, bila cheo wala muhuri, palikuwa na jina: Kaluki.

Hapo niliweka maduara mawili.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika kiwanda cha beseni na ndoo za plastiki huku Baba Dogo, Nairobi, upande unaoelekea mtaa wa Lucky Summer. Kwenye mkataba naitwa afisa wa teknolojia ya habari. Kazini naitwa Mtego. Kwa miaka minne nimechomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, nimewatengenezea nywila mpya watu waliosahau za jana, na kwa miaka miwili sasa, mara moja kila mwezi, kwa agizo la wakubwa, nimewatumia wenzangu barua za uongo ili nione nani atabofya. Anayebofya hutokewa na kichwa cha mbuzi kwenye kioo cha kompyuta na neno UMENASWA. Jina lake hukaa ubaoni wiki nzima, na saa ya chakula huja kwangu kusomeshwa kanuni tatu. Ya kwanza, kitamu kisikulevye. Ya pili, usikimbizwe na saa. Ya tatu, ukiwa na shaka mpigie simu mwenyewe aliyekuandikia, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua kufika, si ile iliyomo ndani yake.

Wakubwa waliagiza majaribio tu. Mbuzi alikuwa wazo langu.

Kaluki ni mwekaji stoo. Amekaa kiwandani miaka ishirini na mitatu, na hakuna anayemwita kwa jina hilo. Kila mtu humwita Mama Ndindi. Miaka miwili iliyopita, nilipotega mtego wangu wa kwanza kabisa, yeye ndiye aliyetangulia kunaswa. Jina lake lilikaa ubaoni wiki tatu badala ya moja. Nilisahau kulitoa, au nilijisahaulisha. Kutoka mbali mambo hayo mawili hufanana sana.

Na mtego ule nilioutuma kwake ulianzaje? "Hongera, umechaguliwa." Uliahidi masomo ya kompyuta. Maneno yale sikuyaokota hewani, lakini mahali nilipoyatoa ni jambo nililokuwa nimeliweka kabatini, nikafunga, nikatupa ufunguo.

Kwa hiyo mtanielewa. Barua inakuja na maneno yangu mwenyewe, utamu wangu mwenyewe, haraka yangu mwenyewe, na chini yake jina la mtu ambaye ana kila sababu ya kutaka kuniona nikikodolewa macho na mbuzi. Kwa kweli nilimheshimu kidogo. Mwanafunzi alikuwa amehitimu.

Lakini shaka ni mgeni asiyejua kuaga. Jumanne nilipita kwenye ubao mara nne. Jumatano, nikipiga shati pasi nyumbani kwetu Kaloleni, nilijikuta nimesimama na pasi hewani, nikimkumbuka yule mama wa benki aliyenihoji mwaka jana. "Mikono yako ni mizuri, kijana," aliniambia, "lakini karatasi yako iko wapi?" Alikuwa wa tatu kuniuliza swali hilo. Na pale kiwandani minong'ono ilikuwa imeanza kwamba mwakani ataletwa mtaalamu wa usalama kutoka nje, mwenye cheti, na mtu wa kuchomoa karatasi kwenye printa anaweza kupatikana kokote, hata kwa nusu ya mshahara wangu.

Je, kama ni ya kweli?

Alhamisi nilimpigia Bwana Zedekiah, meneja wa wafanyakazi. Alikuwa ameenda mazishini Kakamega, simu imezimwa. Sikujaribu tena. Nilijua nikimpata atauliza, "Kwani ulitarajia?" na swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimewacheka watu wazima kwa kosa moja tu: kutarajia.

Ijumaa, saa tisa na robo, nilimkuta Nasike wa mapokezi amesimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Mtego, niaje."

"Poa. Unacheka nini?"

"Nasoma maduara yako. Hapa umemzungushia Mama Ndindi mara mbili. Kosa lake ni lipi?"

"Mwekaji stoo anagawa masomo tangu lini?"

"Tangu mwezi jana." Alinigeukia, kicheko kimebaki machoni tu. "Si yeye ndiye katibu wa kamati ya mafunzo? Tulimchagua kantini, mikono juu, yeye akikataa na sisi tukishikilia. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa juu ofisini, mlango nimeufunga. Tangazo la mkutano nililiona. Nilidhani ni mchango wa harusi ya mtu, umefichwa ndani ya neno mkutano.

"Kwa hiyo barua ni ya kweli," nikasema.

"Sijui."

"Si umesema ni katibu?"

"Ni katibu, ndiyo. Labda barua ni ya kweli. Labda mama amekufugia mbuzi wako mwenyewe, anangoja ubofye tu kantini nzima ipige vigelegele. Ningekuwa yeye, Mungu anisamehe, ningefanya hivyo."

"Nasike, nisaidie."

"Nikusaidie vipi? Wewe ndiye umetufundisha tusijue, kaka."

Nilishuka ngazi. Nilitaka kutembea kama mtu asiye na haraka, lakini miguu ilikuwa na saa yake.

Stoo iko nyuma ya mashine, nayo ina dirisha la kimia la kugawia vifaa. Mama Ndindi alikuwa amekaa nyuma yake, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, akifunga glovu za kazi kwa mpira, jozi kumi kumi. Hakuinua kichwa.

"Habari ya mchana, Mama Ndindi."

"Njema. Printa yangu haijaharibika."

"Sikuja kwa ajili ya printa."

"Basi umepotea njia. Ubao wa matangazo uko huko juu."

Nikasimama pale na aibu yangu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Nyuma yangu mashine zilitema beseni, moja baada ya nyingine, nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Ile barua, mama. Ni ya kweli?"

"Nikikwambia ni ya kweli utaamini?" Alivuta mpira, akauachia ukalia. "Mwongo naye angesema nini?"

Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyasema kila mwezi, saa ya chakula, watu wakinitazama huku chai yao ikipoa.

"Kanuni ya tatu inasemaje, mwalimu?" akauliza.

"Mpigie mwenyewe aliyekuandikia."

"Endelea. Usiikate mkia."

"Kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua kufika."

"Haya. Nipigie."

"Lakini niko hapa, mama. Tunatazamana."

"Wewe ndiye unayenitazama. Mimi nafunga glovu. Nipigie."

Nilitoa simu mfukoni, nikaishika, nikaangalia kioo chake kama mtu anayesoma. Halafu ikabidi niseme.

"Sina namba yako."

Hapo ndipo aliponitazama. Si kwa hasira. Hasira ningejua la kuifanyia. Alinitazama kama mtu anayekagua mzigo ulioletwa bila karatasi, hajui aupokee au aurudishe.

"Soja wa langoni anayo," akasema polepole. "Madereva wa malori wote wanayo. Mama wa chapati pale nje anayo, na hata mumewe. Miaka minne, Amolo. Umekalia kiti changu hiki ukaniwekea mashine sawa, ukala chakula changu, ukaramba kijiko." Alirudi kwenye glovu zake. "Na usiniombe mimi hiyo namba. Anayeshukiwa hapaswi kukupa namba. Nilikusikiliza vizuri siku ile uliponisomesha kanuni, usidhani sikusikiliza."

Saa tisa na dakika thelathini na nane. Nilipanda ngazi mbili mbili. Nasike alinitajia namba kwa sauti ya mtu anayetangaza kwenye uwanja wa mpira, na hakuitafuta popote. Aliijua kwa kichwa. Nikashuka tena, nikatoka uani, nikasimama kati ya marundo ya beseni yaliyopangwa kungoja lori. Kutoka pale niliweza kuona, kupitia dirisha la upande, mgongo wake na nusu ya meza.

Nikapiga. Ikaita. Nilimwona akimaliza fungu la glovu, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha. Ikaita. Alivaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akausoma ule mlolongo wa tarakimu usio na jina.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mama Ndindi. Amolo."

"Amolo gani?"

"Amolo wa kompyuta. Mtego."

"Nitajuaje kama ni wewe? Siku hizi watu wanajifanya watu."

"Geuka tu, mama. Niko hapa uani. Utaniona."

Hakugeuka. "Nikigeuka nitaona kijana ameshika simu. Nairobi hii vijana walioshika simu ni wangapi?" Akavuta fungu jingine la glovu karibu. "Nitajie kitu ambacho Amolo anakijua na mwingine hakijui. Nikisharidhika ni wewe, nitakwambia kuhusu barua."

Nilifikiria kumtajia namba ya kompyuta yake. Nilifikiria kumtajia nywila yake ya zamani, nayo naikumbuka bado, jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa. Nilikuwa na vitu vingi vya kumtajia, na vyote vilikuwa vitu nilivyovichukua kwake bila yeye kunipa. Lori liliingia langoni likirudi nyuma, likilia, na nililishukuru kwa zile sekunde.

Lilipozima, sikubaki na cha kujificha nyuma yake.

"Ilikuwa msimu wa mvua," nikasema. "Mashine yako ilikataa kuwaka, nikaja. Ulinipa isyo kutoka kwenye kopo lako, mahindi na maharagwe, ukabaki na chai tupu. Nikiwa chini ya meza ukaniambia uliacha shule kidato cha pili, baba yako alipougua. Ukasema kabla hujastaafu ungependa siku moja ukae darasani, mbele ya kompyuta, na mtu asikuharakishe. Ukaniambia nisicheke. Sikucheka."

Mgongo wake haukusogea.

"Nilipanda juu isyo ikiwa bado mdomoni. Mtego ulikuwa unatakiwa kesho yake, nami sikuwa na wazo. Nikaandika, Hongera, umechaguliwa. Nikaandika masomo ya kompyuta. Nikaandika, hakuna atakayekuharakisha. Niliwatumia watu wote, mama, lakini niliyemwandikia alikuwa mmoja. Hakuna anayejua nilikoyatoa. Nilijua utabofya."

Niliiondoa simu sikioni nikatazama kama imekatika. Haikuwa imekatika, dakika zilikuwa zikisonga pale kwenye kioo, na juu yake saa ya simu ilisoma tisa na dakika hamsini na tatu. Niliirudisha sikioni. Ndani ya stoo Mama Ndindi alivua miwani. Uzi ukaipokea. Akaweka kiganja juu ya rundo la glovu na kukiacha pale, kama anazizuia zisipeperuke.

"Bado dakika saba," akasema. "Endelea. Hujafika kwenye zile wiki tatu za ubaoni."