Rimoti Iliyofungua Magari Mawili

Ngumi ya kwanza ilimpata mwalimu Adegbenro mdomoni, akaangukia rundo la ekzosi kuukuu.

"Mwizi! Mwizi wa magari!"

Katika soko la vipuri la Ladipo, neno hilo halihitaji kurudiwa. Mafundi walitoka chini ya magari na spana zao, wauza vipuri wakaruka meza. Wiki hiyohiyo mlinzi wa mtaa wa injini alikuwa amekatwa koo na watu walioondoka na gari aina ya jeep, na hakuna aliyekamatwa. Watu walikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Sasa ilipata mahali.

Ozioma, fundi mwanafunzi, aliona yote akiwa mlangoni mwa kibanda cha rimoti za magari. Mwalimu alikuwa mteja wake wa kwanza.

Bosi wake Uzondu, aliyemwita Oga kama wanavyoitwa mabosi wote pale, alikuwa amemwanzisha na taa moja ndogo. "Binti, ukishindwa kuwasha taa, hutafungua mlango wa gari," alisema. Chipu za rimoti zilikuwa ndogo, za biti nane, zenye miguu minane kama buibui. Ozioma akaandika mistari yake kwenye kompyuta, akaipakia kwenye chipu, taa ikawaka na kuzima, akacheka peke yake. Baadaye akajifunza kitufe, kisha kurusha namba hewani hadi kwenye kisanduku cha ndani ya gari kinachofungua milango. Programu aliiandika mwenyewe: chipu ikikosa namba, ijitungie mpya, ikiwa nayo tayari, iendelee na hiyohiyo, ili betri ikifa mteja asifungiwe nje.

Chipu mpya hawakununua. Wateja waliobadilishiwa rimoti waliacha zile mbovu, na Uzondu alibandua kwa moto chipu zilizokuwa bado nzima. Asubuhi hiyo Ozioma alibandua moja, akaipakia programu yake, akaifundisha Corolla ya mwalimu, iliyoegeshwa nyuma ya kisima, kuitambua namba yake. Milango ikafunguka.

"Mikono yako ina baraka, dada," mwalimu alimwambia.

Akatoka akitembea, akabonyeza kitufe ili aisikie Corolla yake ilipo. Highlander nyeusi ya Obidike, muuza injini, ikalia tii-tii, taa zikamulika, milango ikaachia. Mwalimu akaduwaa, rimoti mkononi. Obidike, aliyekuwa anakula okpa, mkate wa njugumawe, kwenye ngazi ya duka lake, akatupa chakula na kumrukia.

Ozioma akaelewa papo hapo. Chipu ina vyumba viwili: kimoja cha programu, kingine cha namba. Yeye alikuwa amefagia cha kwanza tu.

"Oga, ile chipu ilitoka kwenye rimoti mbovu ya Obidike! Sikufuta namba yake, na gari lake bado linaikumbuka. Programu imeikuta humo, imeitumia!"

Uzondu alimvuta ndani, akashusha mlango wa bati hadi nusu. "Funga mdomo. Ukitamka hilo nje, tairi watakalomchomea litahamia shingoni mwako. Halafu watachoma na kibanda."

"Watamuua, Oga."

"Mimi nifanyeje? Mungu yupo."

Nje spana ilitua mahali penye mfupa. Mwalimu alilia sauti moja fupi, kama mbuzi.

Ozioma akainama, akapita chini ya bati.

Walikuwa wameshamvika tairi shingoni. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa damu, mkono wa kushoto umepinda pasipo na kiungo. Kijana mmoja alikuwa anafungua kifuniko cha dumu la petroli.

"Si mwizi," Ozioma alisema. Hakuna aliyesikia. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata siku za kawaida watu walimwomba arudie.

"Huyu bubu wa Uzondu anataka nini?"

"Sogea mrembo, utaungua nywele za bandia!"

Wakacheka. Petroli ilimwagika kwenye mabega ya mwalimu. Ozioma akaiona rimoti kwenye tope la oili, akaiokota, akabonyeza. Highlander ikajifunga. Akabonyeza tena, ikafunguka. Akaendelea kubonyeza, tii-tii, tii-tii, hadi kicheko kikakatika na wote wakageuka.

"Nani kakupa hiyo?" Obidike aliuliza.

"Nimeitengeneza mimi. Chipu ni ya rimoti yako mbovu, Oga, ile uliyotuachia. Namba ya gari lako ilibaki humo. Ni mimi sikuifuta. Yeye hajui chochote."

"Wanashirikiana!" mtu akapiga kelele, na bomba la chuma likamshukia mkononi. Vidole viwili vikavunjika, alivisikia. Rimoti ikaanguka.

"Corolla yake iko nyuma ya kisima," alisema akilia. "Kajaribuni! Itafunguka pia!"

Mama muuza okpa alijipenyeza na beseni lake. "Obidike, rimoti yako uliiacha pale, nilikuwepo! Ukamwambia Uzondu eti aifanyie anachotaka. Leo umesahau?"

Obidike akainama. Akaiokota rimoti, akaenda nyuma ya kisima. Kijana wa dumu alishika kiberiti, akingoja. Ozioma akasimama kati yake na mwalimu, mkono ulioumia kifuani, petroli ikimchoma macho.

Tii-tii, ikasikika kutoka kisimani. Sauti nyembamba, si ya Highlander.

Obidike aliporudi hakumtazama mtu. Akalivua lile tairi mwenyewe, akalitupa. "Ondokeni," alisema.

"Mimi sikumgusa," mmoja akasema.

"Wewe ndiwe uliyeanza na spana!"

"Mimi? Ulikuwa wapi ukaniona?"

Wakayeyuka wakibishana, kila mtu kwenye gari lake bovu.

Ozioma akapiga magoti. "Mwalimu, nisamehe. Kosa ni langu. Nikupeleke hospitali."

Mwalimu akatema jino. Alimtazama kwa jicho lake moja, kisha akainua mkono wake mzima na kumpiga kofi, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Ozioma hakukwepesha uso.

Mkono ule haukurudi chini. Ulitafuta bega lake, ukalishika.

"Niinue," mwalimu alisema.