Tume ya Mwani wa Scovia

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza rasmi kuundwa kwa Tume ya Kuchunguza Vifo vya Mwani. Mwenyekiti ni mimi. Mjumbe pekee ni Cliff wa Isebania, aliyekubali uteuzi baada ya kuona nina maandazi.

Marehemu walikuwa wa Scovia, mwanafunzi mwenzetu. Muhula mzima alifuga kwenye maabara chembe za mwani wa ziwani, zile zinazoyapa maji ukijani. Chupa mbili, maji ya ghuba moja. Moja ilikaa kwenye kabati la joto, nyingine kivulini. Ziwa linazidi kupata joto, na alitaka kujua kama vizazi vitakavyolelewa kwenye joto vitalizoea. Kila Ijumaa alipima, na wa joto walinawiri. Ijumaa ya mwisho aliziacha chupa zote mbili pamoja mezani, zikingoja jaribio la joto kali.

Jumatatu, mbele ya Mwalimu Ogeto, aliandika majina ya chupa, "Moto" na "Baridi", upya kwenye kioo, akatupa vifuniko, akaziweka chupa zote kwenye joto kali. Kufikia Jumatano, "Moto" ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. "Baridi" ilikuwa kijani kibichi.

"Scovia, hizo ripoti zako za kila Ijumaa ulizitoa wapi? Ndotoni?"

"Mwalimu, nilipima kweli."

"Basi mashindano ya sayansi ya Migori utayasikia kwa wengine. Milka ataenda na mradi wake wa sabuni."

Tume ikaanza kazi. Nilimshuku mpishi Maranga, anayepita karibu na dirisha la maabara akipiga mluzi usio na sababu. Nilimshuku Milka, kwa sababu ya sabuni. Nilimshuku hata Scovia, kwa ajili ya haki.

Alhamisi tulimkuta ameinamia hadubini, macho mekundu.

"Waliolelewa kwa joto wamekuwa wadogo, kizazi baada ya kizazi," alisema. "Sasa hawa wadogo wako kwa chupa ya Baridi. Kuna mtu alizichanganya kabla ya Jumatatu."

"Milka!" nikasema kwa sauti ya mahakamani. "Nilijua. Kubadilisha vifuniko ni kazi ya dakika moja tu."

Cliff akaacha kutafuna.

"Vifuniko?" Scovia akainua kichwa polepole. "Wewe umeziona chupa baada ya Jumatatu tu, zikiwa na majina kwa kioo. Nani alikuambia nilikuwa nimeandika juu ya vifuniko?"

"Mtu... anaweza kukisia."

"Omera, ndugu yangu," Cliff akasema, "umejichoma mwenyewe."

Nilitafuta mtu wa kumshuku. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

"Ilikuwa Jumapili, wakati wa ibada," nikasema. "Nilitaka ushangae kidogo, tucheke, nivirudishe. Halafu Mwalimu akaja mapema Jumatatu, nikaogopa."

"Na Milka ulikuwa unamsingizia kwa nini?"

Scovia alichukua chupa zake mbili, akanielekeza mlangoni kwa kidevu. Mwalimu Ogeto alikuwa bado ofisini.

"Mwalimu," nikasema, "ripoti za Scovia ni za kweli. Mimi ndiye niliyezichezea chupa zake."